Shamba la Ekari Zisizotajwa

Karatasi zile za mazoezi ya mtihani ziliteremshwa Isaka kutoka kwenye treni, zikamalizia safari juu ya lori la mbegu za pamba, na zilipotufikia zilikuwa zinanuka dawa ya wadudu. Nilizifungua ofisini, ofisi yenyewe ikiwa kona moja ya stoo ya majembe. Nikasoma swali la kwanza, nikaona nimelielewa. Nikasoma maelekezo, nikaona sijaelewa kitu.

Miaka ya sabini ilikuwa inakwenda ukingoni. Nchi ilikuwa imeamua kwamba kila mtoto aende shule, uamuzi mzuri sana ambao ulisahau jambo dogo tu, nalo ni walimu. Jambo hilo dogo likatatuliwa haraka. Waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, asubuhi wakapewa chaki ili wafundishe, mchana wakapewa daftari ili wafundishwe. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa ile elimu ya msingi kwa wote. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepita chuo cha ualimu na nilikuwa na saa ya mkononi iliyokuwa ikitembea siku nyingine, nikafanywa mkufunzi wao katika kijiji kimoja magharibi ya Kahama. Nilikuwa nao wawili.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa makamo, aliyeamini kwamba ualimu ni kaunda suti, na kwamba mengine yatafuata. Alikuwa na moja tu, ya kijivu, na aliivaa hata siku ya kupalilia shamba la shule.

Wa pili alikuwa mama wa watoto wawili. Mumewe alikuwa amekwenda vilima vya Geita kutafuta dhahabu, na kwa miaka miwili alichokipata huko na kukituma nyumbani kilikuwa salamu. Mama huyu alifundisha darasa la tatu vizuri kuliko mimi nilivyofundisha darasa lolote, lakini alikuwa ameshaanguka mtihani wa hisabati mara moja. Utaratibu ulikuwa wazi. Akianguka mara ya pili, jina lake linakatwa, na nyumba ya udongo ya vyumba viwili nyuma ya shule, aliyokuwa akiishi na wanawe, inapewa mwalimu mwingine. Yeye atarudi kwa kaka yake, ambaye alikuwa na wake wawili, na wala hakuwa ameuliza lini dada yake atakuja.

Sasa kuhusu zile karatasi. Kule chuoni walikotoka watunga mitihani, inaonekana mmoja wao alikwenda masomoni ng'ambo akarudi na aina mpya ya swali. Wengine walirudi na redio. Ngoja nikueleze taratibu, maana najua wapo wasomaji ambao wakiona sehemu na desimali huanza kutafuta mlango ulipo. Kaa tu. Hakuna mtihani mwishoni.

Swali lilisema hivi: kuna sehemu fulani. Je, ni kubwa kuliko 0.5, yaani nusu? Kisha zikafuata taarifa mbili. Taarifa ya kwanza: namba ya juu, yaani kiasi, ni 3. Taarifa ya pili: namba ya chini, yaani asili, ni pungufu ya 6. Mtu mwenye akili timamu angeanza kuitafuta hiyo sehemu. Maelekezo yalikataza. Hayakutaka jibu. Yalitaka useme tu kama taarifa zinatosha kukupa jibu: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote mbili zikiungana, au hata zikiungana hazitoshi.

Chukua ya kwanza. Juu kuna 3. Chini ukiweka 4 unapata 0.75, imezidi nusu. Ukiweka 8 unapata 0.375, haijafika. Kwa hiyo ya kwanza peke yake haitoshi. Chukua ya pili. Chini kuna, tuseme, 5. Juu ukiweka 1 ni 0.2, ukiweka 4 ni 0.8. Nayo haitoshi. Sasa ziunganishe: juu 3, chini 5 au namba ndogo zaidi. Hata iliyo ndogo kuliko zote, 3/5, ni 0.6, nayo imezidi nusu. Zilizobaki zote ni kubwa kuliko hiyo. Basi zikiungana zinatosha. Umeona? Wala hujaumia.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu hivyo, bwana wa kaunda suti aliinua mkono.

"Kwa hiyo, Mwalimu, tunalipwa mshahara tuseme kama jibu linapatikana, ila tusilitafute?"

"Ndiyo hivyo."

"Hii ni kazi ya ofisi ya kata!" akasema kwa furaha ya kweli, na tangu siku hiyo alijibu kila swali kwa neno moja: hazitoshi. Hakusoma hata taarifa zenyewe. Alikuwa amegundua kwamba hazitoshi ni jibu lisilohitaji jasho, na lilimpa alama kidogo kila mara, kama mtu anayetega mtego mmoja njia ileile mpaka sungura mzembe apite.

Mama alikuwa kinyume chake. Kwake kila kitu kilitosha. Nilimpa swali nililolitunga mwenyewe, nikijisifu kimoyomoyo kwamba nimelileta karibu na nyumbani. Debe limejaa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kila nyumba kwetu ilikuwa navyo. Asubuhi watoto wamekula sehemu ya debe. Je, iliyobaki inazidi nusu? Taarifa: watoto walikula pungufu ya 0.6 ya debe.

"Inatosha," akasema.

"Inatosha vipi? Wakila 0.3 imebaki 0.7, imezidi nusu. Wakila 0.55 imebaki 0.45, haijafika nusu."

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe hujaoa."

"Hilo linaingiaje hapa?"

"Mama gani anakaa anaangalia watoto wake wanamaliza nusu debe la michembe asubuhi moja? Masika itawakuta na nini? Hao wamekula kibaba. Iliyobaki imezidi nusu, tena mbali."

"Swali halimjui huyo mama."

"Mimi namjua," akasema.

Bwana wa kaunda suti alicheka mpaka akashika ukuta. "Mpe tu alama zake, Mwalimu! Ametaja mpaka kibaba!"

Na kwa kweli hapo palikuwa na shida yake. Alikuwa anajua mno. Ukimwambia mtu ana shamba, yeye anajua shamba la nani, limepakana na nani, na mwaka jana lilitoa magunia mangapi. Ukimwambia ndoo imejaa 0.8, anajua umbali wa kisima na kiasi kilichomwagika njiani. Swali likiwa na tundu, yeye aliliziba kwa kitu alichonacho, na alichonacho mara nyingi kilikuwa sahihi kuliko swali. Lakini mtihani hautoi alama kwa kuwajua majirani.

Nilimfundisha wiki tatu, kila siku baada ya watoto kwenda nyumbani. Nilichora madebe ubaoni mpaka chaki ikawa vumbi. Akaacha kuziba matundu. Akawa anaona kabisa kwamba taarifa haikufika. Lakini bado akiandika jibu, aliandika inatosha. Siku moja nikamuuliza, kwa ule upole wangu ambao watu wengi wameusifu na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao:

"Mama, hapa umeonyesha kwa kalamu yako kwamba haitoshi. Mbona chini umeandika inatosha?"

Akainamisha kichwa.

"Mwalimu, ukienda ugenini ukawekewa ugali mdogo, ukaulizwa umetosheka, unasemaje?"

"Nasema nimeshiba."

"Hata kama hujashiba?"

"Hata kama sijashiba."

"Basi. Mtu amejitahidi, ametoa taarifa zake mbili, ndizo alizonazo. Mimi nimwambie usoni hazitoshi? Aliyenilea alinichapa kwa neno hilo. Nilikuwa mdogo, tulikuwa kwa shangazi, nikasema mboga haitoshi. Nilichapwa njia nzima mpaka nyumbani."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kwa hekima. Nilisema, "Aha." Kisha nikaenda nyumbani kwangu nikapika ugali, na nikiwa nakula nikawaza kwamba yule mtaalamu wa ng'ambo aliwaza kila kitu isipokuwa adabu. Alituletea mtihani unaotaka mwalimu Msukuma au Msumbwa amkatae mtu hadharani, tena mara ishirini kwa saa moja, kisha akashangaa kwa nini matokeo ya mkoa ni mabaya.

Kesho yake nilimjaribu kwa njia nyingine.

"Mama, usiseme haitoshi. Fanya hivi. Mtu akikuuliza na taarifa zake ni chache, mpe majibu mawili. Yote mawili yafuate alichosema, ila yasifanane. Mwambie, ukitaka hili lipo, na ukitaka lile lipo. Achague mwenyewe."

Aliinua uso. "Kwa hiyo sijamnyima."

"Umempa zaidi ya alichoomba."

"Kama mgeni aliyeomba maji ukampa na uji."

"Hivyo hivyo."

"Sasa hapo si ungesema tangu wiki ya kwanza," akasema, akavuta daftari.

Kuanzia siku ile hakukosa. Alitoa majibu mawili kwa kila swali lenye tundu, kwa mwandiko wa mviringo, na pembeni aliandika herufi iliyotakiwa kana kwamba ni jambo lisilomhusu. Bwana wa kaunda suti naye nilimlazimisha kutoa majibu mawili kila anapoandika hazitoshi. Akagundua kwamba sasa neno lake lina jasho, akaanza kusoma maswali. Hayo ndiyo mafanikio yangu makubwa katika elimu ya taifa, na hayajaandikwa popote.

Siku ya mtihani mkaguzi alifika kwa Land Rover. Kuku walikuwa wamepata habari kabla ya walimu. Jogoo wa mwalimu mkuu alikamatwa alfajiri. Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye mkoba wa ngozi ambao kufuli lake lilikuwa limekufa, kwa hiyo aliufunga kwa kamba ya katani. Asubuhi walifanya mtihani wa kuandika. Mama alitoka akisema umekwenda vizuri. Bwana alitoka akisema yeye amemaliza mapema, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

Kisha ukaja mtihani wa mdomo, na huo ndio uliokuwa na uzito, kwa sababu mkaguzi angejaza fomu palepale. Mtahiniwa alisimama ubaoni mbele ya darasa la tano, watoto sitini wakiwa kwenye madawati ya watu thelathini, mwalimu mkuu na mimi tukiwa nyuma. Bwana alianza, akaulizwa abadilishe 7/8 iwe desimali, akaandika 0.875 na kujipangusa kaunda suti. Akapita.

Akaja mama. Mkaguzi akafungua mkoba, akatoa karatasi zake, akasoma taratibu:

"Mkulima amepanda pamba 0.75 ya shamba. Theluthi moja ya iliyopandwa imeshapaliliwa. Zilizopaliliwa ni ekari ngapi?"

Mama aliandika ubaoni. 0.75 ni 3/4. Theluthi ya 3/4 ni 1/4. Akageuka.

"Ni robo ya shamba, Mheshimiwa."

"Sikuuliza robo. Nimeuliza ekari."

Niliona shida ilipokuwa kabla yeye hajajibu. Shamba halikupewa ukubwa. Unaweza kulipalilia swali lile mpaka jua lichwe, ekari hazimo. Mama naye aliona. Alishika chaki kwa mikono miwili.

"Kama shamba ni la ekari nane, Mheshimiwa, zilizopaliliwa ni mbili. Kama ni la ekari ishirini, ni tano."

Mkaguzi akaangalia karatasi yake. "Jibu ni tatu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na tatu pia ipo."

Watoto walianza kucheka chinichini. Mwalimu mkuu akakohoa, na watoto wakageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Mama," mkaguzi akasema, bado kwa upole, "hesabu ina jibu moja. Hapa nimeandikiwa tatu. Wewe umenipa mbili na tano. Nikuandike umepata au umekosa?" Na akashusha kalamu mpaka karibu na fomu.

Hapo mama alinitazama. Si kwa kulalamika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenyeji wake amwambie mgeni ukweli, kwa kuwa kumwambia mgeni ni kazi ya mwenyeji. Mkaguzi naye akageuka.

"Mkufunzi, wewe unasemaje?"

Nilikuwa na kila nilichohitaji. Nilikuwa nimechora madebe wiki tatu nzima, nilikuwa na saa, nilikuwa na cheti. Nikasimama nikasema, na nakumbuka kila neno kwa sababu nimelirudia peke yangu mara nyingi: "Mheshimiwa, swali hilo, kwa jinsi lilivyo, ukiliangalia upande mmoja, lina upana wake."

Lina upana wake. Mtu aliyewafundisha wenzake kutambua taarifa isiyotosha, alipoulizwa alitoa hiyo. Hata bwana wa kaunda suti, aliyekuwa amesimama dirishani, alifumba macho kwa aibu yangu.

Mama aliona msaada umeishia hapo. Akaweka chaki chini, akapiga goti kidogo kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa.

"Mheshimiwa, samahani. Jibu lako la tatu ni zuri, na mimi nalitaka. Ila sina shamba la kulitolea. Ukinipa ekari kumi na mbili, robo yake ni tatu kamili, nakuandikia sasa hivi. Naomba tu unipe shamba."

Darasa lililipuka. Watoto wa darasa la tano walikuwa wamehamishwa pamoja na wazazi wao kutoka kwenye mashamba ya zamani kuja kuishi kwenye nyumba za mstari za kijiji cha ujamaa, na nyumba nyingi ziliomba shamba kwa mwenyekiti kila msimu. Hawakuwahi kusikia mtu akiomba kwa mkaguzi wa shule.

"Mpe, Mheshimiwa!" sauti moja ikasema kutoka nyuma, na mpaka leo mwalimu mkuu hajajua ilikuwa ya nani. Mimi najua. Ilitoka dirishani, na ilikuwa imevaa kijivu.

Mkaguzi hakucheka. Alisema tu, "Kumi na mbili?" Kisha akaanza kupekua karatasi zake, ya kwanza, ya pili, akarudi nyuma. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa ndani ya mwingine. Akaukunjua. Nilisogea karibu, nikasoma juu ya bega lake: maswali mawili ya mwisho yalihusu shamba moja la ekari 12, na sentensi ya ekari ilikuwa imebaki kwenye ukurasa uliokunjwa, pamoja na swali la kwanza kati ya hayo mawili.

Aliulaza ukurasa ule juu ya mkoba, akaunyoosha kwa kiganja. Kisha akasema lile neno ambalo wakubwa hulisema tangu enzi za babu zetu, na ambalo wote tulilipokea kwa heshima linayostahili:

"Nilikuwa nakupima."

"Asante, Mheshimiwa," mama akasema.

Fomu ilikuwa na maneno mawili, Amefaulu na Hakufaulu, na chini maandishi madogo: kata lisilohusika. Mkaguzi akakata moja. Mama alikuwa mbali, hakuona lipi. Akaomba aisome mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu, na mkaguzi akampa labda kwa sababu alikuwa amechoka kusahihishwa kwa adabu. Aliisoma mstari kwa mstari. Alihakikisha jina, namba yake ya mtihani, na neno lililokatwa, akapitisha kidole juu ya wino kuona kama umekauka. Kisha akairudisha kwa mikono miwili, akatoka nje, kwa sababu darasa la tatu lilikuwa limeachwa peke yake na mtoto mmoja alikuwa ameshapanda juu ya meza.

Mimi nami niliandikiwa kitu, kwenye fomu ya wakufunzi. Iliandikwa kwamba mkufunzi ajitahidi kuwa na msimamo anapoulizwa. Nilitaka kupinga. Nikatafuta hoja, sikuipata.

Mchana, baada ya jogoo kuliwa na Land Rover kuondoka, nilikwenda nyuma ya shule kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yenye sehemu tatu. Nikamkuta amekunja kanga kiunoni anakanda udongo kwa miguu, wanawe wawili wakimletea majani makavu. Ukuta wa jikoni ulikuwa umepasuka tangu masika, ufa ambao mkono ungeweza kupita, na hakuwahi kuugusa.

"Mayu, kumbe unaweza kuziba ukuta?" nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma. Nilishindwa kuanza na lile lililonileta.

"Mwalimu, nani anaziba ukuta wa nyumba ya mtu mwingine?" Akabeba tonge la udongo, akalipiga kwenye ufa kwa kiganja, likashika. "Kama umekuja kuongea, kaa pale. Kama umekuja kusaidia, ndoo ile pale, kisima unakijua."

Nikachukua ndoo.